Upepo Ulioniingiza Chooni na Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Wenzangu wakipanga safari ya kwenda kwenye harusi Nansio, mimi naanza kuumwa tumbo mapema, nisije nikasumbuka kutafuta sababu dakika za mwisho. Kwa hiyo mtu angedhani angalau nyumba yenyewe naijua kuitunza.

Tunakaa Ilemela, juu mlimani, nyumba imebanwa kati ya majabali. Fundi alipomaliza kuezeka aliniambia misumari haitoshi, niongeze. Nikamwangalia, nikaangalia mawe yaliyotuzunguka. Huku kwetu mawe ni ya bure. Nikayapandisha mwenyewe na kuyapanga juu ya bati, makubwa upande wa ziwani, nikashuka najisifu.

"Siku upepo ukiinua hilo bati," mke wangu akasema, "hayo mawe utayadaka?"

Nikamjibu kuwa jiwe halina mabawa.

Mwaka huu, mvua za vuli zinaanza, mama yake akaja kututembelea kutoka Ukerewe. Kwao, kama kwetu, mkwe huheshimiwa kwa mbali. Hatupeani mikono, hatuli meza moja. Akikaa sebuleni, mimi nipo uani. Nikiingia, yeye anakumbuka kitu jikoni. Tukiwa na neno, mke wangu ndiye anayelipeleka.

Alasiri moja ziwa likageuka jeusi, upepo ukapanda mlima. Bati likaanza kupiga makofi. Mke wangu akamshika mama yake mkono, wakakimbilia chooni. Si kwa haja. Ndicho chumba pekee chenye zege juu, maana tenki la maji limekaa hapo, tena hakina kioo cha kupasuka.

Mimi nikabaki sebuleni, kwenye kochi langu.

"Njoo huku," mke wangu akaita.

"Niko sawa."

"Uko chini ya mawe yako."

"Sasa nitaingiaje chooni na mama?"

Juu yangu jiwe moja likasogea. Nililisikia likikwaruza bati polepole, kama mtu anayeburuta kreti la soda. Nikawaza aibu kubwa ni ipi: kukutwa chooni na mkwe, au kuuawa na jiwe nililolipandisha kwa mikono yangu. Mtu mwenye akili asingehitaji kupima. Mimi nilipima.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe: "Mwambie mumeo mimi sikuja kuzika."

Nikainuka. Sijafika hata mlango wa choo, dari ikapasuka nyuma yangu na jiwe likaketi kwenye kochi, palepale penye alama ya makalio yangu.

Chooni tulibanana. Mama mkwe alikuwa amekalia ndoo, kanga kichwani, uso ukutani. Mke wangu katikati. Mimi mlangoni, nikitazama kitasa.

"Shikamoo, mama," nikakiambia kitasa.

"Mwambie marahaba."

"Marahaba," akasema mke wangu, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Upepo ukatulia, lakini hatukutoka. Ule mlango unafungukia ndani. Ili ufunguke ilibidi nirudi nyuma, nimsukume mke wangu, naye amsukume mama yake. Sikuthubutu. Tukakaa, kila mtu na ukuta wake.

Nje jirani yetu, mama mwenye genge, akapiga hodi. "Jamani, mko salama? Bati lenu moja liko kwangu, limelalia nyanya."

"Tuko salama," mke wangu akajibu. "Tuko chooni."

"Nani yuko chooni?"

"Sote."

Jirani akasogea karibu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mama mkwe pia?"

Nikasikia ndoo ikilia, mama mkwe amejigeuza kunyoosha miguu. Na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akasema na mimi mwenyewe.

"Baba, rudi nyuma ufungue. Miguu imekufa ganzi."

Nikarudi nyuma, nikamkanyaga mama mkwe mguu.