Mashine Iliyofundishwa Kusalimu

Chumba cha kompyuta pale misheni Kamina kilinuka mafuta ya jenereta, nta ya sakafu na jasho la akina mama waliotoka kambi ya jeshi kwa miguu. Zilikuwa enzi za Zaire, kiangazi, vumbi jekundu likiingia hata ndani ya mkate. Baba, askari wa kambi, alikuwa amehamishiwa Kinshasa na habari zake zikakatika. Nyumba ya kambini ikatakiwa irudishwe. Wajomba wakaja, wakala, wakatugawa mbele ya macho yetu: mimi niende Kabongo, mdogo wangu Ilunga apandishwe treni ya Luena, kitindamimba abaki na mama. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, halafu akaenda kwa Padri wa misheni. Ofisi ya misheni ilikuwa inatafuta karani, na karani alipewa nyumba. Sharti lilikuwa moja: ajue kompyuta. Na mama hakuwahi hata kuigusa!

Mashine za kufundishia zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na mwalimu wake. Ya Furere Matiasi, bruda mnene mwenye subira ya ajabu, ilionyesha picha ndogondogo, nawe ukasogeza kipanya na kubofya unachotaka. Ya Masere Klara, mtawa mwenye sauti kali, ilikuwa na kioo cheusi tu, ikingoja uiandikie amri. Wawili hao walikuwa hawaishi kubishana. Furere alisema mtu mwoga aanze kwa kuona. Masere alisema anayeonyesha kidole tu hajajifunza kusema. Mimi nilikuwa upande wa Furere, sifichi. Mama alikishika kile kipanya kwa mikono miwili, kama alivyolelewa kupokea kitu kwa mkubwa, akakosa kidole cha kubofyea. Furere hakumcheka. Alingoja, na siku chache baadaye mama alichora nyumba yenye mlango na madirisha, akacheka kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke. Lakini kompyuta ya ofisini ilikuwa ya kioo cheusi, na mtihani ungefanyiwa huko.

Kwa Masere ndiko tulikoona cha moto. Mama ni Mluba wa nyumba yenye adabu zake, na kwao mtu haombi hata maji kabla ya kusalimu. Alipokaa mbele ya kioo, akaandika: Bonjour. Mashine ikajibu kwa Kifaransa kwamba amri hiyo haijulikani. Akaandika tena, polepole, safari hii akiongeza jina lake. Ikakataa tena. "Masere, minyi nimeikosea nini?" akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. Masere akamwambia hii haisalimiwi, inaamriwa tu. Mama akaondoa mikono mezani. "Minyi siwezi kuamuru kitu chenye siyasalimia," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kamina, yaani yeye hawezi kuamuru kitu ambacho hajakisalimia. Jioni alisonga bukari, ule ugali wetu, kana kwamba hakuna mtihani. Nilimkasirikia kweli! Treni ilikuwa inamngoja Ilunga, na yeye anang'ang'ania salamu?

Kesho yake Masere alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mama Ngoie, jaribu tena kuisalimu." Mama akaandika Bonjour, na lo! Mashine ikajibu: Bonjour, mama, tufanye kazi gani leo? Chini yake zikapangika amri zote, na kazi ya kila amri. Mama akapiga makofi taratibu kama anavyowapigia wakubwa, akaitikia salamu kwa Kiluba, "Eyo vidye," yaani ndiyo, mkuu. Furere akachungulia mlangoni. "Masere, sasa weye pia unatia picha!" Masere akamjibu kwamba ametia adabu. Tangu siku ile mama hakukosa darasa, na kila siku alianza kwa salamu.

Siku ya mtihani, Padri alimtaka atafute barua fulani, asahihishe jina, kisha aichapishe. Mimi na Ilunga tulisimama dirishani. Furushi la Ilunga la safari lilikuwa limeshafungwa nyumbani. Mama akaandika Bonjour. Mashine ikakataa. Masere hakuwa ameitia ile salamu kwenye kompyuta ya ofisi, na nilimwona akijishika kichwa. Ilunga akanibana mkono. Mama akatabasamu. "Hii iko mutoto bado. Habayaifundisha," akasema, yaani hawajaifundisha salamu. Akainama, akaandika amri ya kwanza, kisha iliyofuata, zile zile ambazo mashine ya darasani ilimwonyesha kila siku. Karatasi ikatoka ikikwaruza. Padri akaisoma yote, akauliza, "Mama, unahamia lini?" Ilunga akanigeukia, "Minyi siende tena Luena?" Nikamvuta mkono, tukakimbia nyumbani kulifungua furushi.

Leo ninafundisha wanaoanza kompyuta, Lubumbashi. Ninawaanzisha kwa picha, maana Furere alisema kweli kuhusu woga. Baadaye ninawapeleka kwenye kioo cheusi, na kabla hawajafika huwa nimeshaitia salamu, maana Masere naye alisema kweli. Mama amezeeka, anaishi kwa Ilunga, na kitindamimba anakaa nyumba ya pili. Juzi asubuhi nilimnyooshea simu yangu mpya. Ikawaka, ikaandika asubuhi njema kabla hajaigusa popote. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaitikia kwa sauti.

"Basi," akaniambia, "sasa njo bameifundisha."