Bado Sijafika Mwisho

Iko siku moja kule Matembwe ambayo siisahau, mwanangu, na leo imenirudia kwa sababu yako wewe, Baraka. Jana umeandika kwenye kundi letu la wasomaji kwamba ile riwaya nene umeimaliza, ni nzuri sana, kila mtu aitafute. Nami niliisoma zamani, nikakuuliza palepale: yule mama muuza vitunguu aliishia wapi? Ukaniletea vidole gumba. Haya, asante kwa vidole. Nimezeeka, lakini sijazeeka kiasi hicho.

Nakuandikia pembeni, si mbele ya watu, maana sitaki kukuaibisha. Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, mimi natamka tu huku nimeshika kikombe cha chai. Baridi ya Makambako ya mwezi huu haimwachi mzee achezee simu. Na Neema nimemwambia asipunguze neno.

Enzi hizo nilikuwa msichana, napikia wapasua mbao kambini, kule msituni juu ya Matembwe. Mashine tulizisikia tu kwa watu. Kwetu ulikuwa msumeno mrefu wa watu wawili: mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake yuko chini shimoni, na unga wote wa mbao unamwangukia huyo wa chini. Juu alisimama Yeremia, kijana wa Njombe mjini, kidato cha nne amemaliza, na hakuacha hata siku moja ipite bila kutukumbusha. Chini alikuwa Mzee Yohanes, mtu wa Makete, mpole, anayeongea taratibu mpaka unasimamisha mwiko ili umsikie.

Siku moja Yeremia alirudi kutoka Makambako na riwaya kuukuu aliyoinunua stendi. Ilikuwa habari ya baba anayemtafuta mwanawe aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Tuliotaka kuisoma tulikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa tayari kumngoja mwenzake. Basi tukafanya kama walivyofanya watu wa kambi kabla yetu: tukakichana kitabu vipande kwa kisu, kila kipande tukakishona kwa uzi wa gunia. Ukisikia hivyo utasema tulikiharibu. Hatukukiharibu, mwanangu, tulikigawa kama mkate. Yeremia akatangulia kwa kuwa alisoma haraka, mimi nikafuata, na Mzee Yohanes akawa wa mwisho, maana yeye alisoma kwa kidole, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Ukimaliza kipande, unamrushia wa nyuma yako.

Mchana, ugali ukiiva, msumeno ulisimama na mazungumzo yakaanza. Kila mmoja anasema amefika wapi na nini kimemfurahisha. Mzee Yohanes alicheka mpaka maharage yakampalia kwa ajili ya mbuzi aliyekula kofia ya karani, na mimi nilikuwa nimempita huyo mbuzi wiki nzima, lakini nikacheka upya kwa kumwona yeye anacheka. Sheria yetu ilikuwa moja tu. Aliye mbele asimmalizie utamu aliye nyuma. Ukianza kupasua siri, mwenzako anapiga kelele, "Bado sijafika!" nawe unafunga mdomo.

Sasa lazima nikueleze habari ya Mzee Yohanes mwenyewe. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ezekieli. Waligombana nyumbani, na mzee akamtamkia kwamba asikanyage tena uani kwake. Ulimi hauna mfupa. Kijana akashuka Manda, ziwani, akawa mvuvi, na miaka ikapita bila salamu. Ndipo kitabu kile kikamwingia mzee. Siku moja akaniambia, "Binti, huyu baba wa kitabuni kafunga begi lake. Na mimi nimefunga langu." Nikaangalia kwenye kibanda chake, kweli, begi linaning'inia msumarini. Alikuwa anangoja lori la mbao limshushe Njombe, kutoka hapo atafute gari la Ludewa, kisha ziwani. Moyo wangu ulifurahi kwelikweli.

Lakini kadiri siku ya lori ilivyokaribia, hofu ilimshika. Mchana mmoja, mimi nasugua sufuria kwa majivu, nikamsikia anaivunja sheria yetu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Yeremia, mwanangu, wewe umeshamaliza. Niambie tu kitu kimoja. Anamkuta mwanawe?"

Yeremia alikuwa anavuta tumbaku yake. Akatazama msituni, akapuliza moshi, akasema kwa sauti ya mtu mwenye elimu, "Mzee, hamkuti. Anafika amechelewa, kijana ameshakufa. Na yeye mwenyewe anafia njiani akirudi."

Mzee Yohanes hakupiga kelele. Alisema "Ahaa," akavaa kofia yake, akarudi shimoni kufanya kazi. Kesho yake nikamkuta anatoa nguo begini, anazifua na kuzitundika kambani kama mtu aliyekwisha kurudi safari. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Yule wa kitabuni alikuwa na nguvu kuliko mimi, na kashindwa. Mimi naenda kufanya nini? Kuonyeshwa kaburi?"

Mwanangu, nililia. Nilimlilia mzee, nikamlilia na yule baba wa kitabuni, machozi yakadondokea kwenye unga wa ugali. Nikasema ngoja nami nisome huo mwisho wenye roho mbaya, nikamwomba Yeremia kipande kilichobaki. Leo, hana nafasi. Kesho, amekisahau shimoni. Siku iliyofuata, kimelowa, anakianika. Njia ya mwongo ni fupi. Nikaingia kibandani kwake mchana kweupe, yeye yuko juu ya gogo, nikakiona chini ya mkeka: uzi wa gunia upo, jalada la nyuma lipo, katikati kurasa chache. Na pembeni vipisi vya misokoto ya tumbaku, karatasi yake ina herufi za kitabu.

Nikamwita ashuke. Kushuka alishuka, maana mwiko nilikuwa nao mkononi.

"Yeremia, kitabu kiko wapi?"

"Nimekivuta, dada. Karatasi za kusokotea ziliniishia."

"Ulikuwa umeshakisoma?"

Akatikisa kichwa. Kumbe, sikiliza akili za kidato cha nne: alianzia kuvuta kurasa za mwisho, eti asije akaunguza pale alipokuwa anaendelea kusoma! Mwisho wenyewe hakuujua hata mstari. Alipoulizwa na mzee, aliona haya kusema hajui, akatunga. Na kwa kuwa alidhani vitabu vya wasomi lazima viishie kwa msiba, akaua watu wawili.

Wee! Nilimshika mkono mpaka shimoni, nikamsimamisha mbele ya Mzee Yohanes, nikasema, "Haya, mwambie." Akamwambia, kichwa chini. Nilidhani mzee atamchapa, na kusema kweli nilitamani amchape. Yeye alivua miwani, akaifuta unga wa mbao kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "kuvuta karatasi ni utundu, na utundu unasameheka. Lakini mimi na wewe tunashika msumeno mmoja. Wewe uko juu, unauona mstari. Mimi niko chini, sioni kitu, navuta kwa kukuamini. Ukikosea na kunyamaza, ubao wote unaharibika. Kwa nini hukuniambia bado hujafika? Ni neno dogo. Lisingekupunguzia kitu."

Yeremia alilia, mtu mzima na kidato chake cha nne. Mzee akatoka shimoni, akaenda kambani, akaanza kuanua nguo. Moja ilikuwa bado mbichi, akaikunja hivyo hivyo akaitia begini. Nikamwambia, "Lakini baba, mwisho wenyewe hatuujui." Akanijibu, "Ndiyo maana naenda."

Lori likamchukua. Alikaa huko muda mrefu, tukaanza kusema labda ndiyo basi. Kisha asubuhi moja, ukungu umejaa, tukasikia mtu anakohoa njiani, anatusalimu kikwetu: "Kamwene!" Ni yeye, peke yake, na kapu la dagaa wakavu kichwani. Hatukuthubutu kuuliza. Akakaa, akaomba maji, akanywa. "Nimemwona," akasema. "Kurudi hajarudi, bado ana uchungu na mimi, na ana haki. Lakini nimemwona. Ana mtoto mdogo, wanamwita Yohanes." Dagaa wale niliwapika nikiwa nalia, na safari hii sikuwa na hasira na mtu.

Sasa mwanangu, ndiyo nasaha yenyewe. Watu wakikuuliza unasoma nini, hawakupi mtihani. Hatukufungua kundi lile tupate kujua nani amesoma vingi. Ukiwa ukurasa wa kumi, sema uko wa kumi, na utuambie mle ndani nini kimekufurahisha, hata kama ni mbuzi tu. Kama kitabu kimekushinda, sema kimekushinda. Kama unasoma riwaya za mapenzi, zitaje, nani hakupenda? Ila usimsifu wala kumzika mtu wa kitabuni ambaye hujakutana naye, kwa sababu hujui anayekusikiliza amefunga begi gani. Kuuliza si ujinga, na kusema hujafika si ujinga pia.

Nami mkiniuliza kundini Jumamosi hii nasoma nini, jibu langu ninalo. Neema amenipatia nakala nyingine ya kitabu kilekile cha kambini, nzima, kaiokota kwenye vitabu vya mitumba pale sokoni. Naisoma pole pole, kwa kidole, kama Mzee Yohanes, Mungu amlaze pema. Jana nimefika pale moshi wa Yeremia ulipoanzia. Baba yuko njiani, mvua inanyesha, begi liko begani. Neema anataka kuchungulia mbele, nimemkatalia. Bado sijafika.

Basi Mungu akulinde, Baraka mwanangu, akupe macho ya kusoma mpaka uzeeni na ulimi usioona haya mbele ya kweli. Rudi ukurasa ulipoishia, umtafute yule mama wa vitunguu. Na Mungu akufikishe.