Mkia wa Upanga wa Mjapani

Baba alinipa ule upanga akiwa hai na akili zake timamu, mama akisikia. Naanza na hilo kwa sababu ukoo wetu ni hodari wa kusahau.

Babu yangu alichukuliwa na Waingereza akapigane na Wajapani huko Burma. Alirudi Ngulyati na kikohozi na upanga. Aliuokota kwenye matope, mwenye upanga akiwa amelala pembeni yake. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema.

Baba alipokufa, baba zangu wadogo wawili waligawana ng'ombe msiba ukiwa bado mbichi. Upanga haukutajwa. Ulikuwa juu ya kabati, umeviringishwa kwenye gunia la pamba. Nikasema, huo ni wangu. Wakacheka. "Chukua, ukachinjie kuku." Lakini kwetu kitu cha marehemu hakitoki nyumbani mpaka siku ya kumaliza msiba, kwa hiyo nikauacha palepale, nikarudi Bariadi na mwanangu mgongoni.

Huko nikaanza kujifunza. Nikinyonyesha, mkono mmoja uko kwenye simu. Niliingia kundi la watu wanaokusanya panga za kijeshi za Kijapani, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kikanitosha. Mzee mmoja wa ng'ambo alinivumilia. Alinifundisha kwamba nyingi zilitengenezwa kiwandani haraka haraka wakati wa vita, ila maofisa wengine walibeba panga za ukoo, za zamani sana, zilizovalishwa tu mpini wa kijeshi. Utajuaje? Ng'oa kigingi cha mianzi, vua mpini, tazama mkia wa chuma uliojificha ndani. Fundi aliandika jina lake hapo. Na kutu ya mkia usiiguse hata siku moja, maana ndiyo inayosema umri. Ukiifuta, umeukata upanga ulimi.

Nilienda Ngulyati, nikakisukuma kigingi kwa msumari. Mpini ulikuwa na ngozi ya samaki yenye vipele kama punje za mchele. Ukachomoka. Kwenye kutu nyeusi kulikuwa na maandishi yamechongwa kwa mkono, yamesimama wima. Nililia. Simu ilikuwa imezima na nyumba ile haina umeme. Nikamwonyesha baba mdogo, yule mkubwa wao, nikamweleza: huenda ni wa zamani, huenda una thamani, nitapiga picha siku ya kumaliza msiba. Macho yake yalibadilika. Niliyaona.

Siku yenyewe nilimkuta uani na jamaa zake, upanga uko juu ya mkeka. Unawaka kama sahani mpya.

"Mwangaluka, mayu!" akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama. "Njoo uone. Hata baba yako hakuwahi kuuona hivi."

Kwetu chuma cha marehemu hukabidhiwa kikiwa kinang'aa. Jembe, mkuki, chochote kile: kinasuguliwa, kinapakwa samli, ndipo kinapewa mtu. Nilijua. Sikudhani wangevua mpini.

"Umesugua na mkia?"

"Mpaka mkia! Ulikuwa na kutu kama jembe la mvivu. Nimeanza na tupa, nikamaliza na mchanga na majivu."

"Maandishi yako wapi?"

"Ile mikwaruzo?"

Nikaushika. Mkia ulikuwa mweupe, laini, hauna hata alama. Shangazi akadakia: "Mwenzio kauogesha, wewe unanuna. Ulitaka tukabidhi uchafu?"

"Baba mdogo, umeharibu. Ile kutu ndiyo ilikuwa upanga. Hiki sasa ni chuma tu."

"Usinipandishie sauti, mimi ni baba yako."

"Baba yangu tumemzika."

Watu wakaguna. Yeye hakukasirika. Alikuwa anawaza jambo jingine.

"Kwa hiyo sasa hauna thamani?"

"Hauna."

"Hata kwa Wazungu?"

"Hata kwa Wajapani wenyewe."

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama chini, kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekataa ndama mgonjwa mnadani.

Baada ya chakula, baba mdogo akasimama mbele ya ukoo mzima na sauti yake ya kanisani. "Marehemu kaka alimpenda binti yake. Alimwachia upanga huu. Sisi si watu wa kunyang'anya yatima. Tunampa!"

Vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja akasema ukoo huu una watu waungwana. Mama alikuwa ameinamia kanga yake.

Nikapiga goti, mtoto mgongoni, nikaupokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Samli ikanitiririkia mpaka viwikoni.

"Shukuru basi, mayu," shangazi akaninong'oneza.

Wote wakanikodolea macho, wakisubiri. Nikainuka, nikatoka uani na upanga wangu bila kushukuru.