Haikulia Tak

Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kusahaulika. Watu walimwita Mzee Tak, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alianza na redio, zile kubwa za mbao, kisha redio zikafa naye akahamia kwenye laptopu, maana fundi naye ni kama mbuzi, hula alipofungwa. Kila alipochomeka kitu alikishindilia kwa dole gumba na kusema, "Kisipolia tak, hakijaingia." Basi jina likamganda.

Chumba cha kazi alikitumia pamoja na shemeji yake, mjane wa mdogo wake, mshonaji. Shemeji upande wa dirisha na cherehani yake, mzee upande wa mlango na bisibisi zake, katikati pazia ambalo hakuna aliyekumbuka kulivuta. Walitaniana kutwa.

"Shemeji, hiyo laptopu ina mimba? Mbona unaipapasa hivyo?"

"Shona, mama, shona. Ulimi wako ungekuwa sindano, mji mzima ungevaa."

Asubuhi hiyo aliingia mwalimu wa chekechea, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa mara yake ya tatu.

"Imezima tena, mwanangu?"

"Imezima, mzee wangu. Nimeisogeza tu mezani, kioo kikawa buluu, kisha giza. Kazi yangu ya chuo yote imepotea. Kabla hujaniongezea ramu ilikuwa inajikokota, lakini ilikuwa hai."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Ramu ni kile kipande chembamba cha kumbukumbu. Ukiongeza, kompyuta hupata pumzi. Ya mwalimu iliongezewa, ikaanza kuzimia. Na haikuwa peke yake. Laptopu nyingine mbili alizoziongezea zilirudi na ugonjwa uleule, na mzee, kwa hasira, alikwenda kwa muuza vipuri, rafiki yake tangu enzi za redio, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza takataka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mwalimu akaketi kusubiri. Mzee akafungua skrubu. Akaitoa ramu mpya, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Laptopu ikawaka. Akaiinua kidogo, ikazima. Akaweka ile ya zamani peke yake. Ikawaka, akaiinua, ikazima. Akaihamishia tundu jingine. Yaleyale. Feni safi, joto hakuna. Akachukua ramu kutoka kwenye laptopu yake mwenyewe, nzima kabisa, akaichomeka. Ikazima nayo.

Akakaa, mikono magotini. Zamani aliwafundisha vijana: ukibadilisha kila kitu na ugonjwa ukabaki, mtafute ambaye hujambadilisha. Alikuwa amebadilisha ramu, amebadilisha tundu. Dole gumba lilikuwa lilelile.

Akairudisha ramu ya mwalimu, polepole, kwa mshazari, akailaza chini akisubiri vile vibanio viwili vya pembeni viiume. Akabonyeza. Akaridhika, kama alivyoridhika siku zote.

Cherehani ikasimama.

"Shemeji," sauti ikatoka dirishani, safari hii bila utani. "Haikulia."

"Nini hakikulia?"

"Tak. Haikulia."

Mzee akageuka. "Umejuaje?"

"Nimekaa na hiyo tak miaka yote. Naijua kama ninavyoijua cherehani yangu."

"Na zile nyingine? Zilizorudi?"

Shemeji akaushika uzi, akauachia. "Nazo hazikulia. Unabonyeza, unaitikia kwa kichwa kana kwamba umesikia, unafunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, shemeji? Ulikuwa unafurahi."

Mwalimu akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Shemeji akaja akasimama kando yake. Mzee akabonyeza. "Bado," shemeji akasema. Akabonyeza kwa madole mawili, mishipa ikamtoka mkononi. "Bado. Upande wa kushoto." Akaegemeza uzito wake wote wa uzee.

"Imelia," akasema shemeji.

Yeye hakusikia kitu. Akaiinua laptopu, akaitikisa kama mtu anayepepeta. Kioo kikabaki kinawaka.

Mwalimu alipotaka kulipa, mzee aliukunja mkono wake wenye pesa akaurudisha. "Kosa lilikuwa langu, mwanangu, si la mashine. Nisamehe kwa kazi yako iliyopotea." Mwalimu akasema haidhuru, ataandika upya, akatoka macho yake yakitazama chini.

"Nitakuwa nakuambia ikilia," shemeji akasema. "Kwani kazi gani hiyo kwangu?"

"Na siku ukiwa hupo?"

Mzee akafuta bisibisi moja moja, akazilaza kwenye boksi lake, akafunga kifuniko. Kisha akavaa viatu.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Kwa muuza vipuri. Nikamwambie mbele za watu kwamba ramu zake ni nzima."

Akasimama kidogo mlangoni, mkono kwenye komeo. "Atakachonijibu," akasema, "aseme kwa sauti."