Sista Muhonja na Bei Yangu ya Mwisho

Muhonja wa Kayole alifika kibandani kwangu katika soko la mbuzi la Kiamaiko Jumamosi asubuhi, akitafuta beberu wa harusi ya mdogo wake. Nikamwambia elfu kumi na nne. Alinikazia macho usoni.

"Baba Iqra, hilo jicho la kushoto limelegea tangu lini?"

"Mtazame beberu, mama. Yake yote mazima."

Miaka ishirini sokoni nimeona hila nyingi, lakini ya kumtia muuzaji ugonjwa ilikuwa mpya. Akasema yeye ni muuguzi wa wodi ya wanaopasuliwa kichwa; kope ikishuka ghafla na mboni kupanuka, huenda mshipa wa kichwani umevimba kama puto.

"Nenda hospitali sasa hivi. Mbuzi atangoja."

Akaondoka. Mnunuzi wa hila hugeuka baada ya hatua kumi, huyu hakugeuka. Hapo nikaingiwa na wasiwasi, ila nikasema niuze kwanza wawili waliobaki. Nikimfungua wa pili kamba, kichwa kikapiga kama nyundo, nikaanguka katikati ya mbuzi.

Wenzangu wa sokoni wakanikimbiza hospitali, nami nikaangukia wodi ya Muhonja. Madaktari walifungua fuvu, wakaubana mshipa uliopasuka kwa kibanio kidogo. Kazi yao ilichukua masaa matano. Ya Muhonja, wiki tatu. Kichwa kiinuliwe, taa ififie, kelele marufuku.

"Sista, niketi kidogo tu."

"Hapa ni sokoni kwangu, Baba Iqra. Bei ni moja."

Kila saa aliniuliza jina langu na niko wapi, akaniambia nibane vidole vyake. Kisha swali lake mwenyewe: "Yule beberu ni bei gani?"

"Elfu kumi na nne."

Siku ya saba, mke wangu Nurto anasimulia, nilijibu: "Elfu tisa. Mchukue."

Jina nilitaja, vidole nilibana, daktari wa zamu akaridhika. Muhonja akakataa. "Mtu huyu hawezi kutaja bei ya mwisho akiwa na akili zake. Apigwe picha."

Picha ikaonyesha mishipa imejikaza, damu haipiti vizuri ubongoni. Wakaniwahi kwa dawa.

Kope yangu bado inalegea kidogo, lakini natembea na nauza. Sisi wa Kiamaiko tunaishi kwa kupima kwa macho, na soko zima nimeliambia: jicho kama la Muhonja hatuna.

Harusi ya mdogo wake ilipita nikiwa kitandani. Muhonja alinunua beberu kwingine, kwa bei ghali. Juzi alikuja kutafuta wa Krismasi. Nikaanza, kwa mazoea, na elfu kumi na nne.

"Tisa," akasema, tayari ameshika kamba.