Sauti ya Mtu wa Masizi

Juzi ami yangu, mdogo wake baba, alituma kwenye kundi la familia kipande cha filamu ya zamani ya Kimarekani, zile za kuchekesha zisizo na sauti. Nilichoka roho papo hapo.

Tuliitazama utotoni, nyumbani Matrah, mji wa Waarabu ambako wazee wetu walihamia kutoka Unguja, baada ya chakula cha mchana, chumba kikinuka udi na samaki wa kukaanga, mashine ya video ikikoroma. Kwa kuwa filamu haikuwa na maneno, ami ndiye aliyewasemea waigizaji. Wazungu aliwapa Kiarabu. Yule mweusi, aliyetumbua macho na kukikimbia kivuli chake, alimpa Kiswahili. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilifurahi, nikidhani tumepata jamaa yetu.

"Bibi, huyu wa Unguja?"

"Huyo mzungu kajipaka masizi," alisema bibi, ambaye peke yake hakucheka. "Wa Unguja ndo hawa wanaomcheka."

Sasa nimekua, na ami kazeeka, lakini kipande hicho nacho alikitia sauti yake, na mtu wa masizi bado anasema Kiswahili. Nilimuuliza: kwa nini, ami?

"Mzaha tu, mwanangu, usinune," alinijibu, kwa Kiswahili hicho hicho.