Mlalamishi wa Kwanza

Mwaka jana nilikwenda Dubai kumwona baba, na siku ya pili nikamwomba anipeleke Al Nahda, mtaa tuliokaa nilipokuwa mdogo. Hakutaka. Alisema majengo ni yale yale na watu ni wengine, kwa hiyo hakuna cha kuangalia. Nikapanda basi peke yangu, nikasimama ng'ambo ya barabara nikahesabu ghorofa mpaka ya saba. Kwenye dirisha letu mtu alikuwa ameanika shuka. Nilianza kulia pale pale, mbele ya duka la kinyozi, mpaka kinyozi mwenyewe akatoka na kiti cha plastiki akaniwekea kivulini. Sikuwa nikililia chumba, rafiki yangu. Ngoja nikueleze.

Tulikaa chumba kimoja, baba, mama na mimi binti yao. Sebule ilikuwa ya vijana wanne wa kwetu Kenya, walinzi wote, na jiko lilikuwa la kila mtu. Baba alikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja huko Jebel Ali, mama alisimamia wasafishaji hotelini. Siku ya baba kupumzika ilikuwa Ijumaa peke yake. Asubuhi tulikwenda kanisani, maana kule enzi hizo Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili yetu, kisha tukarudi haraka nyumbani kwa sababu wageni walikuwa njiani.

Nilizipenda Ijumaa zile kuliko sikukuu. Kazi yangu ilikuwa kukunja godoro langu, kufuta vumbi la mchanga dirishani na kuosha vikombe. Vikombe havikutosha hata siku moja, kwa hiyo nilitumwa mlango wa pili kwa bibi wa Unguja, mzee aliyekuwa ameishi kule miaka mingi kuliko jengo lenyewe, na kila mara alinirudisha na vikombe sita na sahani ya kaimati zinazonata. Mama alikuwa jikoni akisukuma chapati. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka chini, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo, na wanaume wa kijiji chetu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakivua viatu mlangoni. Wengine walitoka mtaa wa International City, wengine kwenye kambi za wafanyakazi. Nilijua ukubwa wa mkutano kwa kuhesabu viatu.

Mkutano ulikuwa wa sheria. Serikali za kaunti zilikuwa changa huko nyumbani, na kila kaunti ilikuwa na gavana wake na bunge lake la kutunga sheria. Bunge letu lilikuwa limeletewa mswada wa kuchukua ardhi ya jamii iliyo kando ya mto ili pajengwe kiwanda cha nyama. Kwenye ardhi hiyo walikaa watu wa familia chache, bila hati miliki, tangu zamani, na mmoja wao alikuwa nyanya, mama yake baba. Alikuwa na nyumba ya mabati, jiko la nje, ng'ombe wawili na kaburi la babu. Baba alikuwa akijenga kwake pale pale, chumba kimoja kila anapopata likizo.

Mswada ulikuja kwa simu, kwa Kiingereza, na baba akauchapisha kazini. Kiingereza cha sheria kiliwashinda wazee wale, lakini mimi nilikuwa na miaka tisa na shuleni tulizungumza Kiingereza kutwa nzima. Basi nikawa msomaji. Nilisimama katikati ya chumba nikasoma kifungu, baba akakifafanua kwa Kiswahili, wakabishana, kisha nikaambiwa niendelee. Walinisifu sana. Mmoja alisema mimi nitakuwa jaji. Nilijisikia mkubwa, nikawa nayakimbilia yale maneno marefu ili wayasikie. Sikuelewa kwamba nilichokuwa nikikisoma kwa madaha vile ni kuondolewa kwa nyanya yangu.

Mswada ulipita. Wawakilishi waliuinulia mikono kabla ya chakula cha mchana, tukaambiwa. Ijumaa iliyofuata chai ilipoa vikombeni, kisha wanaume wale wakaamua kwenda mahakamani.

Sasa hapa ndipo walipokosea, na walikosea kwa nia njema. Nyumbani kila mtu alikuwa na jambo la kumwogopesha. Huyu mwanawe alikuwa anasoma kwa msaada wa kaunti, yule alikuwa na kibanda sokoni kinachoweza kubomolewa asubuhi moja. Wakasema jina la kwanza kwenye kesi liwe la mtu ambaye watu wa gavana hawawezi kumfikia. Nani mwingine isipokuwa baba? Yuko Dubai, watamfanya nini? Nyanya alifurahi mno. Alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba mwanawe ndiye mlalamishi wa kwanza.

Wakili waliyemweka huko nyumbani alituma hati ya kiapo. Sheria ilitaka baba aape mbele ya afisa, na kwa aliye nje, mahali pake ni ubalozini. Bibi wa Unguja, aliyekuja kudai vikombe vyake, alimwambia waziwazi, "Mie nakwambia mwanangu, nenda ubalozini ukaape mwenyewe. Mambo ya serikali hayataki njia ya panya." Lakini ubalozi ulifungwa Ijumaa. Baba akaomba ruhusa ya siku moja kazini, msimamizi akamjibu khalas, basi, mwezi ujao, sasa kuna makontena. Mwezi ujao kesi ingekuwa imeshapita. Wakili akasema hakuna shida, watu hufanya hivyo kila siku. Baba atie sahihi tu aitume, yeye atatafuta mtu wa kuigonga muhuri huko huko.

Baba alitia sahihi kwenye meza yetu ya kulia, mama akiwa ameondoa sahani. Aliniita niisome mara ya mwisho. Nikasoma mpaka chini, nikaona pameandikwa kwamba kiapo kimeapwa katika mji wetu wa nyumbani.

"Baba," nikasema, "hapa wameandika uliapa huko nyumbani."

"Ndiyo."

"Lakini uko hapa."

Alifunga kalamu kwanza, ndipo akanijibu. "Mimi niko huko, mama. Hapa niko kazini tu."

Niliridhika kabisa. Nilikuwa mtoto, na lilikuwa jambo zuri kusikia.

Kesi ilipofika mbele ya jaji, wakili wa kaunti hakugusa habari ya ardhi. Aliomba jambo moja tu, pasipoti ya mlalamishi wa kwanza, ili mihuri yake ionyeshe alikuwa nchi gani siku ya kiapo. Hakuwa amefanya uchunguzi wowote. Nyanya alikuwa ametangaza sokoni miezi mitatu kwamba mlalamishi huyo ni mwanawe aliye Dubai. Jaji akasema mtu hawezi kuapa mahali ambapo hakuwapo, akaitupa hati ya kiapo, na kwa kuwa kesi nzima ilikuwa imeegemea hati hiyo, ikaanguka nayo. Uamuzi ulitufikia kwa simu siku ya Alhamisi. Ijumaa walikuja watu wawili, na mimi ndiye niliyeusoma. Nilipofika kwenye neno linalosema mlalamishi alikuwa ameidanganya mahakama, baba aliinuka akaenda jikoni, tukasikia akifungua maji ya bomba na kuyaacha yatiririke.

Walipewa siku tisini. Nyanya alihamia kwa shangazi yangu, kijiji cha mbali, kwa watu waliomwoa shangazi. Kwetu hilo si jambo dogo. Mama mwenye mtoto wa kiume haendi kukaa kwa wakwe wa binti yake. Tulimpigia kila Ijumaa, akatwambia anakula vizuri, ila analala kwenye kitanda cha wenyewe na anaona haya kuamka usiku. Hakumlaumu baba hata mara moja. Ningefurahi kama angemlaumu. Mwaka haukuisha akafariki.

Baba alipata ruhusa ya siku saba. Alifika kwa shangazi na sanduku lake, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kumwona marehemu, lilikuwa kukaa mbele ya wazee wa nyumba ile na kuwaomba ardhi ya kumzikia mama yake. Walimpa. Walikuwa watu wema, wakamwonyesha mahali nyuma, karibu na ua. Shangazi ndiye aliyenisimulia. Baba mwenyewe hajawahi kulitaja.

Na kiwanda hakikujengwa. Bunge lililofuata liliifuta sheria ile kwa kikao kimoja, bila ubishi, kwa sababu aliyetaka kujenga alikuwa amepotea. Hakuna aliyetuita turudi. Siku hizi mimi ni mtu mzima, ninafanya kazi Nairobi, mama alisharudi, na baba bado yuko Jebel Ali, analala kitanda kimoja kwenye chumba cha watu sita. Ijumaa zile zimekwisha. Wale wanaume walitawanyika, wengine walirudi, wengine hawasalimiani, na bibi wa Unguja amezikwa huko huko ugenini.

Niliporudi kutoka Dubai nilikwenda kando ya mto. Palikuwa wazi, majani hadi magotini, matingatinga yalikuwa yamesawazisha kila kitu kisha yakaondoka. Nilimpigia baba simu nikamwambia nipo pale, anielekeze lilipokuwa jiko la nyanya. Sauti yake ilichangamka. Akasema nianzie kwenye mkuyu, nikamwambia hakuna mkuyu. Basi kwenye jiwe kubwa alilokuwa akianikia mahindi. Nikatafuta, sikuliona jiwe. Akasema nitafute kaburi la babu, lina msalaba wa chuma, nikilipata nitakuwa nimefika.

Nilizunguka na simu sikioni nikiyapasua majani kwa miguu. Nilikwenda mpaka mtoni nikarudi. Alikuwa ananisubiri, nami nikaendelea kuzunguka ingawa hapakuwa na msalaba wala kaburi.

"Umeliona?" akauliza.

Nikamwambia bado natafuta.

"Basi wacha, mama," akasema. "Wacha. Jua ni kali, na utachelewa gari."